Upande gani wa utando? Tuliyojifunza kwa kufundisha mmeng'enyo wa chakula

Kila anayefundisha biolojia amekutana na lile jedwali la safu mbili. Kushoto, viumbe wa seli moja: mmeng'enyo ndani ya seli. Kulia, viumbe wa seli nyingi: mmeng'enyo nje ya seli, kwenye mfumo maalumu. Mwanafunzi hulikariri upesi na kupata alama zake. Muulize swali moja la ziada, bakteria anayeozesha jani hulila vipi jani hilo, na jedwali zima linayumba.

Bakteria ni seli moja, lakini amezungukwa na ukuta mgumu usiomruhusu kuukunja utando wake, ile ngozi nyembamba inayoizunguka seli, na kumeza kipande cha kitu. Anachoweza ni kumwaga nje vimeng'enya, yaani protini zinazovunja chakula, kungoja wanga, selulosi au protini ivunjike kuwa molekuli ndogo, kisha kuzifyonza kupitia utando. Hamira nayo ni seli moja yenye ukuta, na sukari ya mezani huivunja nje ya utando wake. Uyoga, wenye seli nyingi, hufanya vilevile. Sasa geukia safu ya pili. Sponji ni mnyama wa seli nyingi asiye na tumbo wala utumbo. Seli zake zenye kola huchuja bakteria kutoka majini, huwameza na kuwameng'enya humohumo ndani, au huwakabidhi kwa seli nyingine zinazotambaa mwilini zimalizie kazi.

Kwa hiyo, baada ya miaka ya kuandaa mazoezi ya maabara ya mada hii, tumeacha kuanza na idadi ya seli. Tunaanza na swali hili: chakula kinavunjwa upande gani wa utando wa seli? Mwanafunzi akilishika hilo, tofauti kati ya amiba, kiumbe wa seli moja, na binadamu inajieleza kwa sehemu kubwa, na zile zinazoitwa "hali za kipekee" hazimsumbui tena.

Hakuna zoezi linaloonyesha mmeng'enyo wa ndani ya seli vizuri kama paramesiamu, kiumbe wa seli moja wa majini, aliyelishwa hamira yenye rangi. Rangi yenyewe ni Kongo nyekundu, ambayo ni kiashiria cha tindikali: pH (kipimo kinachoshuka tindikali inapoongezeka) ikiwa juu ya 5 huwa nyekundu, ikishuka chini ya 3 huwa buluu au zambarau. Maana yake mwanafunzi anaona kwa macho yake tindikali ikiingia kwenye kifuko cha chakula ndani ya kiumbe chenye urefu wa takriban robo milimita.

Maandalizi si magumu. Chukua gramu 3 za hamira, miligramu 30 za Kongo nyekundu na mililita 10 za maji yaliyokenekwa. Changanya, chemsha kwa moto mdogo dakika 10, acha ipoe. Vaa glovu, maana mwilini rangi hii huweza kuvunjika na kutoa benzidini, kemikali inayosababisha saratani. Isiguse ngozi, na kinachobaki kisimwagwe ovyo. Kuchemsha kuna sababu mbili: kunaua hamira ili isiendelee kuchacha kwenye slaidi, na kunaifanya rangi ishike ndani ya seli badala ya kuelea majini. Ukiona maji yote ya slaidi ni mekundu na hamira yenyewe imepauka, ujue mchemsho haukutosha.

Weka tone moja la maji yenye paramesiamu kwenye slaidi. Chovya ncha ya kijiti cha meno kwenye hamira, kisha iguse tone hilo. Mguso mmoja tu. Kosa linaloharibu zoezi hili kuliko yote ni hamira nyingi: paramesiamu wanafunikwa, mwanga haupiti, na darasa zima linaangalia tope. Ongeza nyuzi chache za pamba zilizochambuliwa, au methiliselulosi kidogo, uteute wa maabara, ili wapunguze mwendo. Nyuzi hizo pia hukinyanyua kioo cha kufunika kisiwabane. Paramesiamu aliyebanwa huvimba na kupasuka, na vifuko vinavyotawanyika baada ya hapo havikuambii lolote kuhusu mmeng'enyo. Maji yakianza kukauka pembeni, ongeza tone kwenye ukingo wa kioo. Maji ya bomba yenye klorini huwaua, kwa hiyo tumia yaleyale ya kwenye chombo wanamokaa.

Watafute kwa lenzi ya mara 10, kisha hamia ya mara 40. Utaona silia, vinyweleo vya uso wa seli, zikisukuma punje za hamira kwenye mfereji wa kinywa hadi kwenye koo la seli. Hapo utando hujivimbisha kama kiputo, hujaa punje, na hukatika kuwa vakuoli ya chakula, yaani kile kifuko. Mwanzoni ni nyekundu. Ndani ya dakika tano hivi, vakuoli zilizotangulia hubadilika kuwa zambarau na kusinyaa kidogo, kwa sababu vifuko vidogo vyenye tindikali vimeungana nazo na maji yamefyonzwa. Hatua hii huua mawindo yaliyo hai na kulegeza protini zake. Baada yake lisosomu, vifuko vya seli vyenye vimeng'enya, huungana na vakuoli na kumwaga vimeng'enya, pH hupanda tena, na wekundu hurudi. Kuanzia dakika ya ishirini hivi, vakuoli zilizokwisha kazi huanza kufika kwenye tundu la kutolea taka, mahali maalumu ubavuni mwa seli, na makapi hutupwa nje. Amiba hana tundu kama hilo. Yeye hutoa makapi popote utando unapokutana na vakuoli.

Mambo mawili huwapotosha wanaotazama mara ya kwanza. La kwanza ni vakuoli za kutoa maji. Paramesiamu wa kawaida anazo mbili, moja karibu na kila ncha ya mwili, hazihami, hazina rangi, na hujaa na kunywea kwa mpigo. Hazihusiani na chakula hata kidogo, lakini michoro mingi ya wanafunzi huziandika "tumbo". La pili ni yule paramesiamu wa kijani. Ule ukijani si chakula kilichomezwa: ni mwani mdogo aina ya Chlorella anayeishi ndani yake bila kumeng'enywa, akimpa mwenyeji sukari. Ukitaka kuonyesha mmeng'enyo, usimtumie huyo.

Ukikaa na slaidi hiyo nusu saa utaona jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo kiini cha mada nzima. Ndani ya seli moja, hatua zote za mmeng'enyo hufanyika katika kifuko kilekile, moja baada ya nyingine. Kifuko kinazunguka na mkondo wa saitoplazimu, ute unaoijaza seli, ni kweli, lakini chakula hakitoki chumba kimoja kuingia kingine. Mazingira ndiyo yanayobadilika kukizunguka: kwanza tindikali, kisha vimeng'enya, kisha ufyonzaji, kisha makapi. Hatua zimetenganishwa kwa wakati. Kwetu sisi, na kwa nyungunyungu, na kwa ndege, ni kinyume: mazingira yamekaa mahali pake na chakula ndicho kinachosafiri. Tumbo ni chachu muda wote kunapokuwa na chakula, utumbo mdogo si chachu, na tonge hupita kote. Hatua zimetenganishwa kwa mahali.

Kwa nini basi wanyama wakubwa wakaiacha njia ya kwanza? Sababu ya wazi ni ukubwa wa tonge. Seli inayomeza kwa kawaida haiwezi kula kitu kikubwa kuliko yenyewe. Amiba mkubwa humeza paramesiamu mzima, lakini kila seli ya mnyama wa kawaida ni ndogo kuliko amiba huyo mara nyingi. Mnyama anayetegemea kumeza kwa seli mojamoja hula chembe tu, na sponji anaishi hivyo hasa.

Sababu nyingine ni umbali. Muda wa molekuli kusambaa zenyewe hukua kwa mraba wa umbali. Glukosi majini husambaa mikrometa 10 kwa chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Mikrometa 100 huchukua sekunde nane hivi. Milimita 1, karibu robo saa. Sentimita 1, karibu siku nzima. Ndani ya paramesiamu kilichomeng'enywa hufika kila kona bila msaada mkubwa. Ndani ya mwili wenye unene wa sentimita kadhaa, seli za mbali zingekufa njaa zikisubiri. Ndiyo maana mfumo wa mmeng'enyo wa mnyama mkubwa haufundishiki bila damu. Wanafunzi hutenganishiwa mada hizi mbili kwa muhula mzima, na tunadhani hilo linawaumiza.

Kuna hasara ya kumeng'enya nje ambayo haitajwi vya kutosha: kilichovunjwa nje kinaweza kuchukuliwa na mwingine. Hamira inapovunja sukari nje ya utando wake, sehemu kubwa ya glukosi huelea mbali kabla haijaifyonza, na jirani asiyetoa kimeng'enya chochote hufaidi. Mnyama alitatua tatizo hili kwa kuizungushia ile nje ukuta. Uwazi wa tumbo na utumbo, ukiufikiria vizuri, bado ni nje ya mwili. Chakula kilichomo hakijavuka utando wa seli hata moja. Lakini ni nje iliyofungwa, ambamo vimeng'enya havipotei na mazao hayaibiwi kirahisi.

Haidra, mnyama mdogo wa majini mwenye umbo la mrija, ndiye wa kuonyesha hatua hiyo ikiwa nusu. Mwache bila chakula siku moja, kisha mpe vifaranga vya Artemia, wale kamba wadogo wa maji ya chumvi, ukiwa umewasuuza vizuri kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Usiposuuza, haidra hujikunja na kukataa. Seli za kuchoma zikitoboa windo, glutathioni, kemikali iliyomo ndani ya seli, humwagika kutoka kwenye majeraha yake, na hiyo ndiyo inayomfanya haidra afungue mdomo. Mtafiti W. F. Loomis alilionyesha hilo mwaka 1955. Windo likishaingia kwenye uwazi wa mwili, seli za tezi humwaga vimeng'enya na kulivunja kuwa vipande vidogo. Hapo kazi ya nje inakoma. Seli nyingine za ukuta wa ndani hunyakua vipande hivyo kama afanyavyo amiba na kuvimaliza ndani ya vakuoli. Ukitumia Artemia wenye rangi ya machungwa, baada ya saa chache utaona rangi hiyo imehamia kwenye ukuta wa mwili wenyewe, na mwanafunzi hahitaji tena kuelezwa. Magamba hurudi nje kwa mdomo uleule.

Mdomo huo mmoja ndio kikwazo cha haidra. Chakula kipya kikiingia kabla cha zamani hakijatoka, vinachanganyika. Mrija wenye mdomo mbele na njia ya haja nyuma uliondoa tatizo hilo, na uliruhusu kila kipande cha mrija kushika kazi yake. Nyungunyungu anaonyesha hili bila ugumu wowote: koromeo linavuta, kibofu kinahifadhi, firigisi inasaga kwa msaada wa mchanga, utumbo unameng'enya na kufyonza, na ndani ya utumbo kuna mkunjo mrefu unaoongeza eneo la kufyonzea.

Kwa binadamu mgawanyo huo umekwenda mbali, na gharama yake ni ulinzi. Paramesiamu akifungia tindikali na vimeng'enya ndani ya kifuko, utando wa kifuko unamkinga. Zaidi ya hapo, vimeng'enya vya lisosomu hufanya kazi vizuri kwenye pH ya 4.5 hadi 5, wakati saitoplazimu iko karibu na 7.2, hivyo kikivuja kidogo hakina nguvu kubwa. Utumbo hauna bahati hiyo. Tumbo hutunza pH ya 1.5 hadi 3.5 na pepsini inayokula protini, ilhali kuta zake zenyewe ni protini. Kwa hiyo seli hutoa pepsinojeni, umbo lisilo na makali, ambalo tindikali ndiyo inayoligeuza pepsini. Juu ya ukuta kuna ute mzito wenye baikaboneti, inayozimua tindikali. Seli za ukuta wa utumbo mdogo nazo hubadilishwa karibu zote kila siku 3 hadi 5.

Kongosho hufuata kanuni hiyohiyo. Hutoa tripsinojeni, na ni mpaka ifike kwenye duodeni, mwanzo wa utumbo mdogo, ndipo kimeng'enya kilichoko kwenye ukuta wa utumbo, enterokinezi, huikata kuwa tripsini. Tripsini hiyo huamsha wenzake wote. Mpangilio ukikosewa na tripsini ikaamka ikiwa bado ndani ya kongosho, kongosho hujila lenyewe. Huo ndio uvimbe mkali wa kongosho, ugonjwa unaoweza kuua. Na chakula chachu kinapoingia duodeni, ukuta wake hutoa homoni ya sekretini kwenye damu, nayo huliambia kongosho limwage baikaboneti. Wanafiziolojia William Bayliss na Ernest Starling waliigundua homoni hiyo mwaka 1902. Linganisha na paramesiamu: kule kupandisha pH ni suala la vifuko kuungana ndani ya seli moja, hapa ni ujumbe unaosafiri kwa damu kutoka kiungo kimoja hadi kingine.

Kuonyesha mmeng'enyo wa nje darasani ni rahisi kuliko ule wa ndani, na urahisi huo una maana yake: kazi ya nje inaweza kuhamishiwa kwenye bomba la kioo. Mililita 5 za wanga wa asilimia 1, mililita 1 ya mate yaliyochanganywa na maji kiasi sawa, na beseni la maji ya nyuzi 37. Kila sekunde 30 chukua tone na ulichanganye na tone la iodini kwenye kigae cheupe. Buluu-nyeusi hufifia hadi iodini ibaki na rangi yake ya kahawia. Andaa bomba la pili lenye mate yaliyochemshwa, na la tatu lenye matone ya tindikali ya haidrokloriki iliyo hafifu. Yote mawili yatabaki buluu. Wanaoshindwa kwa kawaida wamemwaga iodini moja kwa moja ndani ya bomba, au maji yao yamevuka nyuzi 60 na kimeng'enya kimeharibika. Bomba la tatu linafaa kujadiliwa kwa utulivu, maana linaeleza kwa nini kazi ya mate hukoma tonge likilowa tindikali tumboni.

Seli za mwili wetu, hata hivyo, hazikuacha kula kwa njia ya amiba. Mwaka 1882 kule Messina, Italia, mwanabiolojia Élie Metchnikoff alichoma miiba ya waridi kwenye viluwiluwi vya kiti cha pweza, na kesho yake akakuta seli zinazotambaa zimeuzingira mwiba. Alikuwa amechunguza mmeng'enyo wa ndani ya seli kwa wanyama wadogo, ndiyo maana alitambua anachokiona: seli za kula, zikilinda mwili. Mwaka 1908 alipata Nobeli pamoja na Paul Ehrlich. Lisosomu zenyewe zilipewa jina na mwanasayansi Christian de Duve mwaka 1955. Seli nyeupe inayommeza bakteria hupitia hatua zilezile za kwenye slaidi ya hamira: kifuko, tindikali, lisosomu, makapi. Bakteria wa kifua kikuu huishi kwa kuvuruga mfuatano huo. Humezwa, kisha huzuia kifuko kisiungane na lisosomu, na kubaki hai ndani ya seli iliyokuja kumla.

Hata mlo wa kawaida huishia ndani. Protini haivunjwi yote kuwa asidi amino kwenye utumbo. Sehemu kubwa huvuka utando wa seli za vilasi, vile vijiinuko vidogo vya ukuta wa utumbo, ikiwa vipande vya asidi amino mbili au tatu, na humalizwa ndani ya seli hizo.

Swali la upande gani wa utando linatoka maabara na kufika hospitali. Mtu asiye na laktezi ya kutosha hupungukiwa na kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, kinachokaa kwenye uso wa seli za utumbo, upande wa nje. Kidonge cha laktezi akimezacho pamoja na maziwa kinamsaidia, kwa sababu kinafika palepale kinapohitajika. Mwenye kongosho lisilotoa vimeng'enya hupewa vimeng'enya kwenye vidonge vyenye ganda linalostahimili tindikali ya tumbo na kuyeyuka kwenye utumbo. Bila ganda hilo laipezi, kimeng'enya cha mafuta, huharibika njiani na mafuta hubaki bila kumeng'enywa. Lakini katika ugonjwa wa Pompe, ulioelezwa mwaka 1932 na daktari Mholanzi ambaye jina lake umelibeba, kimeng'enya kinachokosekana ni kile cha kuvunja glaikojeni, sukari ya akiba ya mwili, ndani ya lisosomu. Glaikojeni hurundikana kwenye misuli, pamoja na moyo. Hapa kidonge cha kumeza hakifai kitu. Kingemeng'enywa kama protini nyingine. Dawa iliyoidhinishwa mwaka 2006 huingizwa kwenye mshipa wa damu, na molekuli zake zimebeba alama ya sukari ambayo vipokezi vya seli za misuli huitambua. Seli huzinasa, huzifungia kwenye kifuko, na kifuko huzipeleka hadi kwenye lisosomu.